Saini ya Marehemu

Wapo watu Chiungutwa wanaosubiri niombe radhi. Naandika haya ili wajue kwamba wanaweza kuendelea kusubiri, ila watafute kiti, maana miguu itawauma. Wanasema kaka yangu amekufa mara mbili. Mara ya kwanza alichukuliwa na Mungu, mara ya pili nilimuua mimi, kwenye chumba cha mahakama Mtwara, mbele ya jaji, nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani. Hilo la pili sikatai. Nililifanya kwa mdomo wangu na akili zangu timamu, na kesho ikibidi nitalifanya tena kabla sijanywa chai.

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori. Nusu ya maisha yake aliimaliza akishusha korosho ghafi kutoka Masasi kwenda bandarini, na kila msimu alirudi na hasira ileile: tunalima sisi, tunaokota sisi, halafu korosho zinapanda meli na maganda yake, zikabanguliwe na watu ambao hawajawahi kuuona mkorosho. Alipoacha udereva alinunua kiwanja pembeni mwa mji wa Masasi, upande ambao milima ya mawe inaleta kivuli mapema jioni, akajenga banda refu la bati, akaniita. Mimi nilijua kubangua tangu nina meno ya utoto. Tulihitaji na mtu wa tatu, mwenye mtaji na mwenye kujua kuongea na mabenki, tukampata mfanyabiashara mmoja wa Newala mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tukawa watatu. Kaka alikuwa na hisa nyingi, mimi na yule wa Newala tukawa sawa, na sote watatu tukawa wakurugenzi. Mimi nilisimamia kazi ya bandani. Yule wa Newala akawa meneja, kwa sababu alikuwa na suti.

Siku tuliposajili kampuni, mwanasheria aliyetuandalia makaratasi alitueleza kwamba kampuni yenyewe ni mtu. Ina jina lake, inaweza kushitaki na kushitakiwa, na wenyewe mkifa yenyewe haifi. Kaka aliuliza, "Haifi kabisa?" Akajibiwa haifi. Alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

"Kumbe hawa watu wa sheria nao ni Wayao," aliniambia. "Hata wao wana jina lisilokufa."

Kwa asiyetujua, ni hivi. Kwetu mwanamume mwenye dada ana mbumba yake, yaani sisi dada zake pamoja na watoto tuliozaa. Sisi ndio watu wake. Watoto aliowazaa yeye ni wa mbumba ya mke wake, wana mjomba wao huko. Mwenye mbumba akifa, jina lake haliendi naye kaburini. Siku ya arobaini ukoo unakaa, unamchagua mtoto wa dada, anapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, anakalishwa kwenye kiti cha marehemu na kupewa jina. Kuanzia hapo yeye ndiye huyo. Waliokuwa wakimwamkia marehemu wanamwamkia yeye, na waliokuwa wakiamkiwa na marehemu wanamwitikia yeye. Hakuna mchezo humo. Na sisi ni watu wa kanisa tangu bibi zetu walipobatizwa misheni. Hata padri huwa anakuja, anasali, anakula pilau, kisha anamwita mtu kwa jina lake jipya kama sisi wengine.

Kaka alianguka shambani asubuhi moja ya msimu, kapu la korosho likiwa mkononi. Presha. Tulimzika Chiungutwa, karibu na kanisa, na siku ya arobaini jina lake alipewa mtoto wa kwanza wa dada yangu mkubwa, aliyemfuata kaka kuzaliwa. Ni mwanamume mpole, mfuga mbuzi, mtu ambaye mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni nikiwa msichana. Walipomaliza kumpaka unga nilipiga goti mbele ya kile kiti nikasema, "Shikamoo kaka." Akaniitikia, "Marahaba, mdogo wangu." Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini, kwa sababu nilikuwa nimepata tena mtu wa kuniita mdogo wake.

Siku ile hakuna aliyeuliza habari za hisa. Kwetu lilikuwa jambo lililokwisha. Jina limepata mtu, mtu amekaa kwenye kiti, na vilivyo vya jina vimekwenda pamoja na jina. Nani angefunga safari kwenda kumwambia msajili wa makampuni Dar es Salaam kwamba mkurugenzi amefariki, wakati mkurugenzi yuko Chiungutwa anakula ugali?

Mmoja alilifikiria hilo. Meneja alikuwepo kwenye arobaini, alikula na kunawa kama wengine. Ni Mmakonde wa Newala, mambo ya majina hayakuwa mageni kwake, na makaratasi ya kampuni anayajua kuliko sisi. Akakaa na vyote viwili kichwani, akatulia mpaka msimu ukaisha.

Nilikuja kuyajua haya Jumatatu moja asubuhi. Nilifika kiwandani nikakuta kufuli jipya getini na mlinzi nisiyemjua. Wanawake tuliokuwa tunafanya nao kazi walikuwa wamesimama nje na aproni zao, mikono wameshaipaka mafuta ya kula, maana ganda la korosho lina mafuta yake makali yanayochubua ngozi na sisi huwa tunajikinga hivyo. Meneja alikuja baadaye kidogo, akashusha kioo cha gari, akanipa karatasi bila hata kushuka.

"Bodi imeamua, dada," alisema. "Wewe siyo mkurugenzi tena, na banda tunalikodisha liwe ghala la korosho ghafi. Kubangua hakulipi."

"Bodi ipi?"

"Mimi na kaka yako."

Nilitazama. Azimio lile lilikuwa na saini mbili, na chini kabisa lilikuwepo jina la kaka yangu, kwa mwandiko wa mtoto wa dada yangu unaolalia kushoto. Sikupiga kelele. Nilimrudishia karatasi yake kwenye dirisha nikamwambia kwamba suti imemchakaa. Ndilo neno lililonijia.

Nilichukua bodaboda mpaka Chiungutwa. Nilimkuta mwenye jina anafunga mbuzi. Nilikuwa nimejaa mpaka kooni, lakini mtu mwenye jina la kaka yako humvamii tu, kwa hiyo nilipiga goti, nikaamkia, nikangoja aitikie. Kisha nikamuuliza alitia saini nini.

"Makaratasi ya mwaka," alisema. "Meneja alikuja na sukari, na kanga ya mama. Aliniamkia vizuri. Akaniambia kila mwaka mkurugenzi huwa anaandika jina lake hapa chini, akanionyesha. Nikaandika."

"Uliandika jina gani?"

Alinishangaa. "Jina langu."

Ukitaka kuijua familia yetu, ijue kwa jibu hilo. Hakuwa anadanganya wala hakuwa mjinga. Kila mtu kuanzia mama yake mpaka padri alikuwa anamwita hivyo. Angeandika jina gani jingine? Nilimweleza maana ya karatasi ile, na nilivyokuwa naeleza niliona anakaa chini taratibu, akakaa hapohapo kwenye vumbi, kamba ya mbuzi mkononi. Yule mbuzi akala kola ya shati lake na hakumfukuza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kiwandani saa ya kazi kama kawaida. Wanawake nao walikuja. Sikuwaita, walikuja wenyewe na aproni zao, tukatandika mikeka mbele ya geti tukakaa. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Watu wa bodaboda walitupigia honi, mama wa chai akahamishia jiko lake pale kwa sababu biashara ilikuwa nzuri. Jua likawa kali, tukahama na kivuli cha ukuta. Mlinzi aliambiwa atutoe, akasema barabara siyo ya kampuni. Nilimpenda tangu hapo.

Hatukuwa tunaimba wala kushika mabango. Tulikaa tu, watu wazima na aproni zao, mpaka siku alipokuja mtu wa kukodi ghala. Alishuka kwenye gari nyeupe, akatuamkia kwa adabu, akauliza kuna nini. Meneja alikuwa ndani anamsubiri na funguo. Nilisimama nikamwambia yule mgeni kwamba karibu sana, ila ajue banda hili lina saini ya marehemu, na mimi ndiye dada wa marehemu, na naenda mahakamani. Korosho zake akizilaza humu atazitoa kwa amri ya jaji.

"Mama, mimi natafuta ghala," alisema. "Sitafuti kesi." Akarudi kwenye gari lake.

Meneja alitoka amevimba. Alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu anayekupa ushauri mzuri, kwamba nikifungua kesi wa kwanza kufungwa ni mtoto wa dada yangu. Kuandika jina la marehemu ni kughushi. Jela anakwenda yeye, mbuzi wanabaki wenyewe, na dada yangu hatanisamehe mpaka kiama.

"Kalamu ulimpelekea wewe," nilimwambia.

"Kalamu haina saini," alisema, akaondoka.

Nakiri maneno yale yalinikosesha usingizi. Lakini yalinipa na kitu ambacho yeye hakukikusudia. Mtu anayesema saini ni ya kughushi ameshakubali kwamba azimio lake ni takataka. Wakili niliyempata, dada kijana mwenye ofisi karibu na stendi ya Masasi, alifurahi nilipomsimulia. Alinieleza njia, nayo haikuwa ngumu kuielewa, ilikuwa ngumu kuipita. Kwa sheria, siku kaka alipokufa hisa zake ziliingia kwenye mirathi. Wa kuzisemea ni msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama, na wa kuteuliwa ni mjane wake. Mjane akishateuliwa, tunakwenda wote wawili Mahakama Kuu kuomba azimio lifutwe. Na mimi lazima nisimame pale niseme kwamba aliyeandika jina lile siyo kaka yangu, na kwamba kaka yangu amekufa.

"Ni hilo tu?" aliuliza. Hakuwa mtu wa kwetu, alitoka Iringa. Nikamwambia ndiyo, ni hilo tu.

Dada yangu mkubwa alizipata habari kabla sijafika nyumbani. Yeye ndiye mama wa mbumba sasa, ndiye aliyenilea baada ya mama, na sikumbuki siku niliyowahi kumbishia mbele ya watu. Alinikalisha jikoni kwake akaendelea kupepeta mpunga huku akiongea, bila kunitazama.

"Kwanza unataka kumfunga mwanangu."

"Sitaki, dada. Wakili amesema akisema ukweli mapema, jaji ataona ni nani aliyekusudia ubaya."

"Pili unataka kuchukua hisa za kaka yetu, uziweke kwa mke wake. Mbumba nyingine. Watu wa Lupaso. Mali ya nyumba hii inatoka kwa mkono wako."

"Ni ya watoto wake, dada."

"Watoto wake wana wajomba zao." Akaweka ungo chini. "Na tatu unataka kwenda kusema mbele ya watu kwamba ndugu yetu hayupo. Mimi huyu mtoto nilimzaa, nikamtoa. Nimekaa namwamkia mwanangu mwenyewe shikamoo ili kaka yetu awepo. Sasa wewe uende ukamfukue?"

Hilo la tatu lilinipiga kwelikweli. Nilimwangalia dada yangu, mikono yake imejaa pumba, nikaona kwamba katika sisi wote ndiye aliyelipa zaidi kwa jina lile. Lakini hasira yangu haikuwa kwake, na sikuiacha iyeyuke. Nilimwambia kaka hakutujengea lile banda ili liwe ghala la korosho ghafi. Alichokichukia maisha yake yote ndicho kinachotaka kuingia mle, tena kwa jina lake. Kama kweli kaka yupo, basi nani amemuuliza?

"Ukienda," alisema, "usirudi hapa mpaka uombe radhi kwa jina."

"Nitakwenda," nilisema, nikamuaga kwa heshima zote.

Wifi yangu naye alikuwa na woga wake. Tangu arobaini alikuwa amerudi kwao Lupaso na watoto, kimya, kama desturi inavyotaka. Nilipomwambia aombe usimamizi wa mirathi alisema watu watasema alikuwa ananyemelea mali za ukoo wetu tangu mume yuko hai. Nikamwambia waseme, midomo ni yao. Akasema, na wewe wifi, huogopi kwamba nikishazipata hizo hisa nitakugeuka? Nilicheka kwa sababu ndilo swali ambalo ningeuliza mimi. Nikamwambia ninaogopa. Akaingia ndani kutafuta cheti cha ndoa.

Kesi ilichukua muda, kama kesi zinavyochukua. Mahakama ilitoa zuio banda lisiguswe, halafu tarehe zikawa zinasogezwa, na kila zikisogezwa tunapanda basi kwenda Mtwara na kurudi, mimi na wifi, na chapati zetu kwenye kontena. Nilichojifunza ni kwamba mahakamani watu hawachoshwi na ubishi, wanachoshwa na benchi. Niliamua benchi halitanishinda.

Siku ya ushahidi walikuja watu wa Chiungutwa, gari zima. Dada yangu alikaa mbele na kanga ya matanga. Mtoto wake alikaa pembeni yake, na nilipoingia sikujua nimwamkie vipi, nikapita na macho chini. Ndiyo hatua iliyoniuma kuliko zote siku ile.

Wakili wa meneja alikuwa amejiandaa vizuri, nampa haki yake. Siku hizi kesi zinaendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kila mtu mle ndani alikuwa anasikia.

"Shahidi, yule bwana aliyekaa pale ni nani kwako?"

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Unamwamkiaje?"

"Namwamkia shikamoo."

Jaji, mama mwenye miwani, aliinua macho.

"Mtoto uliyembeba mgongoni unamwamkia shikamoo. Na unamwitaje?"

"Kaka."

"Unapiga goti?"

"Napiga."

"Ukoo mzima unamtambua kuwa ni marehemu kaka yako?"

"Unamtambua. Na mimi namtambua."

Akageuka kwa jaji kama mtu aliyemaliza kazi. "Mheshimiwa, mteja wangu ni mtu wa kusini. Alimkuta bwana huyu anaitwa jina la mkurugenzi, anakalia kiti cha mkurugenzi, na dada wa mkurugenzi anampigia goti. Aliamini wanachokiamini wao wenyewe. Leo wanataka kukikana kwa sababu hawakupenda azimio."

Nilijua huo ndio mlango, na kwamba nikiupita sitarudi nilivyokuwa. Nilishika ule ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili.

"Mheshimiwa Jaji, sikani kitu," nilisema. "Nyumbani kwetu kaka yangu yupo. Nitamwamkia mpaka nife, na nikifa atakuja kunizika. Lakini kampuni haikuzaliwa nyumbani kwetu. Ilizaliwa kwa msajili, na kwa msajili hakuna unga wa mtama. Huko kaka yangu amekufa. Nilimwosha miguu mimi mwenyewe kabla hawajamfunga sanda. Amekufa, na huyu bwana meneja alikuwepo mazishini, alirusha udongo. Anajua ni nani aliyemrushia udongo."

Nilisikia kanga ikisogea. Dada yangu alisimama akatoka nje, amefunika uso. Sikunyamaza. Nilirudia mara nyingine, kwamba kaka yangu amekufa, kwa sababu karani alikuwa hajamaliza kuandika.

Kisha wakamwita mtoto wa dada. Alipanda kizimbani na koti la marehemu, kubwa kidogo mabegani. Jaji mwenyewe ndiye aliyemuuliza.

"Ulipoandika jina hili, uliandika la nani?"

"Langu, Mheshimiwa. La nyumbani."

"Nani alikuambia uliandike?"

Akamnyooshea meneja kidole, bila chuki, kama anayeonyesha njia.

"Na hizo hisa ni za nani?"

Alifikiri. Nilidhani atatafuta uso wa mama yake, lakini mama yake alikuwa nje. "Ni za yule tuliyemzika," alisema.

"Jina lako la ubatizo ni lipi?"

Akalitaja. Nilikuwa sijalisikia tangu arobaini. Liliniingia ghafla, nikamwona tena mtoto yule mzito mgongoni mwangu, na nikalazimika kutazama dirishani mpaka waliposema tunaweza kukaa.

Hukumu ilipotoka haikuwa ndefu. Azimio lilifutwa kwa sababu mkurugenzi mmoja aliyedaiwa kulipitisha alikuwa ameshafariki, na meneja alilijua hilo. Hisa za kaka zikatambuliwa kuwa chini ya msimamizi wa mirathi. Kuhusu saini, jaji alisema aliyeandika hakuwa na nia ya kumdanganya mtu, na aliyemletea karatasi ajiangalie mwenyewe. Tuliitisha mkutano kwa utaratibu, notisi na kila kitu, tukakaa kwenye meza ileile ya kuchambulia korosho. Wifi yangu alivaa viatu vya kisigino. Ulipofika wakati wa kura kuhusu banda alinitazama, nikaona kwamba anaijua nguvu iliyo mkononi mwake na anataka nijue kwamba anaijua. Halafu akainua mkono: kiwanda kibangue.

Meneja si meneja tena. Hisa zake bado anazo, hakuna anayeweza kumnyang'anya, na kila mkutano anakuja. Mimi ndiye ninayemwekea chai. Namwekea sukari nyingi, na namwangalia mpaka aimalize.

Ikabaki Chiungutwa. Dada aliitisha kikao cha ukoo, akanitumia ujumbe kwamba mambo yote yameandaliwa: unga upo, na kuku jike mweupe ambaye nitamshika mikononi wakati wa kuomba radhi kwa jina. Watu walijaa uani. Nilifika na nguo zangu za kazi, zinanuka moshi wa kukaangia korosho, kwa sababu nilitoka kiwandani moja kwa moja na nilitaka wanuse. Kuku alikuwa amefungwa miguu, amelala mlangoni. Mwenye jina alikuwa amekaa kwenye kiti cha kaka, macho chini.

Dada alisema, "Haya. Sema."

Nikasema sitaomba radhi. Nikasema nilichokisema Mtwara ni kweli, na ninachokwenda kukifanya hapa ni kweli pia, na anayeona haviwezi kukaa pamoja ahangaike navyo mwenyewe, mimi vimekaa. Mzee mmoja akaguna. Sikumjali. Nilimruka kuku, nikaenda mpaka mbele ya kile kiti, nikapiga goti kwenye udongo.

"Shikamoo kaka."

Hakujibu. Na mimi, niliyejifanya sina woga, nilikuwa na woga kuliko siku ya mahakamani, kwa sababu jaji hakuwa na uwezo wa kuninyima kitu hiki na yeye alikuwa nao. Angeweza kukaa kimya tu, na ningekuwa sina kaka, kwa mdomo wangu mwenyewe. Goti lilianza kuuma. Nilibaki hapohapo.

Alimtazama mama yake. Kisha akainama akanishika bega.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema. "Leo mmebangua?"

"Tumebangua."

"Na moto umeuacha na nani?"

Ndilo swali alilokuwa akiniuliza kaka yangu kila nilipotoka bandani kabla ya saa ya kufunga. Huyu hakuwahi kufanya kazi na sisi hata siku moja.

"Nimeuacha na wenzangu," nilisema.

"Basi usikae sana. Rudi kazini."

Nikasimama, nikapangusa goti. Dada yangu alikuwa anamfungua kuku miguu, anavuta kamba kwa meno, hataki mtu amsaidie.